Ukoo wa Seu: tarehe ya mafundi wa nuru wa Guler

Mwaka 1763 mchoraji mmoja aliyekwisha kuvuka miaka hamsini alifika Haridwar, pale Mto Ganga unapoiaga milima ya Himalaya na kuingia tambarare. Alikuja na majivu ya bwana wake, Balwant Singh wa Jasrota, aliyefariki kabla ya kutimiza miaka 40. Desturi ya Haridwar ni kwamba kila familia ya Kihindu ina kuhani wake, na kila kuhani ana daftari lake. Ukifika, anakuuliza watu wenu wametoka kijiji gani, anafungua karatasi ndefu zilizokunjwa ndani ya kitambaa, anakusomea jina la baba yako na la babu yako na mwaka waliofika hapo. Kisha nawe unaandika lako, unaongeza waliozaliwa tangu hapo, unamtaja na maiti aliyekuleta.

Mchoraji yule aliandika kwa herufi za Takri, hati ya watu wa milimani. Hakuishia kwenye maandishi. Katika ukurasa uleule alimchora Shiva na mkewe Parvati, na Mto Ganga wenyewe ukimiminika kutoka katika nywele za mungu huyo. Daftari la kuhani likapata picha ya bingwa, bila malipo, kwa sababu ya msiba.

Mchoraji huyo aliitwa Nainsukh, yaani raha ya macho. Alikuwa mtoto wa Seu, mdogo wake Manaku, na baba wa vijana wanne walioshika brashi kama yeye. Tarehe hii ni ya ukoo huo: baba mmoja, wana wawili, wajukuu sita. Kwa kadiri niwezavyo kuhukumu, hakuna nyumba nyingine ya India iliyochora mapenzi vizuri kuliko hii, na sababu yake ni namna walivyoishika nuru. Mmoja wa ndugu wale wawili aliipenda nuru ya dhahabu, mwingine nuru ya alasiri. Wajukuu ndio waliozioza.

Guler, mji walikotoka, ni mdogo. Uko katika nchi ya Kangra, jimbo la Himachal Pradesh la leo. Wenyeji husimulia kwamba ulizaliwa kisimani. Mwanzoni mwa karne ya 15, Hari Chand, raja wa Kangra, alitoka kuwinda akatumbukia katika kisima kikavu. Wenzake walimtafuta, wakamkosa, wakarudi wakamlilia, na mdogo wake akatawazwa. Baadaye mpita njia akasikia sauti chini ya ardhi, akamtoa mtu aliyekwisha kufanyiwa matanga. Hari Chand hakurudi kumwondoa mdogo wake kitini. Alikwenda kando, akajenga ngome na mji wa Haripur juu ya Mto Banganga, na huo ndio ukawa mwanzo wa Guler. Ndiyo maana raja wa Guler alitangulizwa mbele ya yule wa Kangra katika heshima, ingawa Kangra ilimzidi kwa ardhi na askari: nyumba ya Guler ni nyumba ya kaka.

Majimbo ya namna hii yalikuwa ishirini hivi, yamejibanza katika mabonde kati ya Punjab na theluji. Marajaputi walioyatawala walikuwa maskini kwa kipimo cha Delhi, wenye majivuno kwa kipimo chochote, na karibu wote walipenda picha. Picha hizo hazikuwa za kutundika ukutani. Zilikuwa karatasi za kushikwa mkononi, zikafungwa ndani ya kitambaa na kuwekwa sandukuni, zikatolewa jioni raja akiketi na wageni wake, zikapita kutoka mkono hadi mkono.

Seu alizaliwa karibu na mwaka 1680. Watu walimwita Pandit, neno la heshima la msomi, lakini daftari la Haridwar linasema wazi kwamba watu wake walikuwa tarkhan, yaani maseremala. Msomaji wa pwani hatashangaa. Anayewaza milango ya nakshi ya Lamu na Unguja anajua kwamba fundi wa mbao anaweza kuwa na jicho kuliko wengi waliosoma. Mkono uliozoea kupima ubao usipinde ulipohamia kwenye karatasi ulipata kazi nyepesi zaidi, lakini nidhamu haikubadilika. Majumba, kuta, madirisha na vizingiti vya picha za ukoo huu vimesimama wima kama vimejengwa.

Kabla yao kulikuwa na Basohli, jimbo jingine la milimani kando ya Mto Ravi. Huko, katika nusu ya pili ya karne ya 17, wachoraji walikuwa wakitumia rangi za kukata pumzi: manjano tupu, wekundu wa damu, macho makubwa kama ya samaki. Walikuwa na hila moja ambayo kila ninapoikumbuka nacheka kwa furaha. Walipotaka zumaridi katika mkufu wa Radha, mpenzi wa mungu Krishna, walikata vipande vidogo vya mabawa ya mbawakawa wa kijani wakavibandika kwenye karatasi. Ukiisogeza picha karibu na taa, mdudu yule anameta kama kito. Kwa hiyo Seu hakuwa wa kwanza kufikiria mwanga. Alikuta milima tayari inajua kwamba picha ya mkononi inasogea, na kinachosogea hushika mwanga na kuuachia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Karatasi ilitengenezwa kwa mkono. Iliyosifiwa zaidi ilitoka Sialkot. Karatasi kadhaa ziligandishwa pamoja, zikasuguliwa kwa akiki mpaka zikawa laini kama ganda la yai. Fundi alichora kwanza kwa mstari mwepesi mwekundu au wa masizi, akapaka juu yake utando mwembamba wa rangi nyeupe, mstari ukabaki unaonekana kwa mbali kama mshipa chini ya ngozi, akachora tena kwa uhakika zaidi. Hapo ndipo zilipoanza rangi. Nyeusi ilitoka kwenye masizi ya taa. Buluu ilikuwa ya nili, au ya jiwe la lazwardi kwa aliyekuwa na fedha. Nyekundu ilikuwa zingefuri. Manjano moja mashuhuri inasimuliwa kwamba ilitokana na mkojo wa ng'ombe waliolishwa majani ya mwembe. Zote zilifungwa kwa gundi ya mti. Brashi ilikuwa manyoya ya mkia wa kindi, na iliyotumika kwa kope na ndevu ilichongoka hadi kufikia unene wa unywele mmoja.

Baada ya kila tabaka la rangi, picha ililazwa kifudifudi juu ya jiwe laini, na mgongo wake ukasuguliwa kwa akiki. Rangi zikajikaza, zikashikamana, zikapata mng'ao wa ndani ambao si wa vanishi wala wa mafuta. Mwenye kuona picha hizi vitabuni tu hajaziona. Kamera huchukua rangi ikauacha mng'ao, na nusu ya kazi ya Seu na wanawe ilikuwa mng'ao.

Manaku, kaka mkubwa, alizaliwa karibu na 1700, na jina lake linatokana na neno la kito chekundu, yakuti. Alikuwa mtu wa visa vikubwa. Karibu na mwaka 1725 alianza mfululizo wa picha za kuzingirwa kwa Lanka kutoka katika Ramayana, utenzi wa Rama na vita vyake na Ravana, mfalme wa Lanka, kwenye karatasi zenye upana wa sentimita 80 hivi, kubwa mno kwa kazi za milimani. Lanka ya visa hivyo ni mji wa dhahabu, na Manaku aliuchora hivyo: kasri la Ravana limesimama linang'aa, na nje nyani na dubu wa jeshi la Rama wamejazana kama siafu. Kazi hiyo haikumalizika. Baadhi ya karatasi zimebaki mistari mitupu juu ya rangi nyeupe, na hizo ndizo ninazozipenda kuliko zilizokamilika, maana ndani yake unamwona fundi akifikiri.

Mwaka 1730 alikamilisha Gita Govinda, utenzi wa Kisanskriti wa Jayadeva wa karne ya 12 unaosimulia mapenzi ya Krishna, mungu mchunga ng'ombe, na Radha. Maandishi ya mwisho ya kazi hiyo yanataja mwaka na jina la Manaku, jambo la nadra, kwa kuwa wachoraji wa milimani hawakuwa na kawaida ya kutia saini. Picha hizo ni za mtu anayeamini maneno. Mshairi akisema moyo wa Radha unaungua, Manaku anauweka nyuma yake uwanja mzima wa rangi moja isiyo na mti wala wingu, naye amekaa katikati yake kama mtu aliyefungiwa ndani ya hisia. Hakuna saa katika picha hizo. Huwezi kusema ni asubuhi au jioni. Nuru ya Manaku haitoki popote; iko tu, kama ilivyo katika ndoto.

Picha yake moja inatosha kuyaeleza haya. Ni ya mwaka 1740 hivi, katika mfululizo wa Bhagavata Purana, kitabu kitakatifu cha Kihindu, na sasa iko Bharat Kala Bhavan, jijini Varanasi. Inaonyesha yai ambalo, kwa masimulizi ya Kihindu, ulimwengu ulitoka ndani yake. Yai linaelea juu ya maji yaliyojikunja duara kwa duara kama pete za mti uliokatwa. Basi. Hakuna mtu, hakuna nyumba. B. N. Goswamy, mwanahistoria ambaye tutamkuta tena mwishoni, alizoea kueleza kwamba ukiitazama imetulia unaona umbo la rangi ya kahawia iliyofifia na unajiuliza sifa zote hizi ni za nini. Ukiichukua mkononi ukaiinamisha kidogo, yai linawaka. Manaku alilipaka dhahabu, akijua kwamba raja hatalitazama kwa mbali akiwa amefunga mikono nyuma. Ataiinua picha, na wakati wa kuiinua ulimwengu utaumbwa mbele yake.

Nainsukh alizaliwa karibu na 1710, akakua chini ya kaka huyu. Angeweza kuishi maisha yake yote akijaza rangi katika michoro ya Manaku, na hakuna ambaye angemlaumu. Jicho lake lilikuwa la namna nyingine. Karibu na mwaka 1740 aliondoka nyumbani akaenda Jasrota, jimbo dogo zaidi hata ya Guler, akaingia katika utumishi wa Mian Zorawar Singh na kisha wa mwanawe Balwant, aliyekuwa kijana tu.

Kwa muda mrefu vitabu vilisimulia kwamba uchoraji mwororo wa milimani uliletwa na wakimbizi: Nadir Shah wa Uajemi aliipora Delhi mwaka 1739, mafundi wa Mughal, dola iliyotawala kutoka Delhi, wakakimbilia milimani, na hapo ndipo Guler ilipojifunza kuchora. Ni hadithi nzuri, yenye vita na misafara, lakini kwa ukoo huu haina mashiko. Hawa walikuwa watu wa Guler tangu zamani. Ni kweli kwamba Nainsukh aliona kazi za Mughal na akazipenda. Namna yake ya kuzungusha kivuli laini shavuni, na ya kumtazama mtu kama mtu, ilitoka huko. Alichokipata alikiongeza juu ya mali ya baba yake.

Urafiki wa Nainsukh na Balwant Singh ni mojawapo ya mambo ya ajabu katika historia ya sanaa, na hapa nitakawia kidogo. Balwant hakuwa mtawala wa maana. Hakuteka nchi, hakujenga mji, na miaka yake ya mwisho aliishi mbali na kwao. Jina lake lingekuwa limekwisha kusahauliwa. Lakini kwa muda wa miaka ishirini na zaidi mtumishi wake alimchora karibu katika kila hali ambayo binadamu huwa nayo kati ya kuamka na kulala. Amemchora akinyolewa ndevu na kinyozi, uso ameutoa mbele kwa utiifu ambao raja haupi mtu mwingine. Amemchora katika hema, kifua wazi kwa joto, akiandika barua peke yake. Amemchora akisikiliza waimbaji, akivuta kiko cha maji, akiwinda, akiwasimamia mafundi kazini, na siku moja ya baridi amejifunika shuka nzito mbele ya moto, mtu aliyechoka.

Ipo picha, sasa iko Museum Rietberg, Zurich, ambamo Balwant amekaa barazani ameshika picha ndogo mkononi. Ni picha ya Krishna. Nyuma yake, amejiinamisha kidogo, viganja vimekutana, amesimama Nainsukh mwenyewe. Waimbaji wako chini wanaendelea na kazi yao. Fundi amechora ile dakika ambayo kila fundi anaijua, mwenye mali anapoitazama kazi na hajasema neno.

Tazama sasa nuru katika picha hizi. Kuta ni nyeupe, za weupe wenye kijivu kidogo. Kijani cha mbali kimepauka. Sehemu kubwa ya karatasi imeachwa karibu tupu, na utupu huo una hewa. Unaweza karibu kukisia ni saa ngapi. Kaka yake alipaka rangi kama mtu anayepiga ngoma. Nainsukh aliipunguza mpaka mwanga ukaanza kuonekana kuwa unaangukia vitu. Hakuna vivuli vyeusi ardhini, hata kidogo. Ila nguo nyembamba ya mtumishi inapitisha mwanga, moshi wa kiko unakatika hewani, na uso wa Balwant una upande uliojaa na upande ulioanza kupoa.

Balwant alipofariki mwaka 1763, Nainsukh alibeba majivu kwenda Haridwar kama tulivyoona. Hakurudi Jasrota kutumikia. Alikwenda Basohli kwa Amrit Pal, raja mcha Mungu, na hapo fundi wa mambo yaliyoonekana kwa macho akageukia mambo yasiyoonekana: visa vya Krishna. Alichora michoro ya mistari, akiwa mzee sasa, ambayo watoto wake na wa kaka yake wangeijaza rangi. Alifariki mwaka 1778. Manaku alikuwa ametangulia, karibu na 1760.

Vijana walikuwa sita. Wa Manaku ni Fattu na Khushala. Wa Nainsukh ni Kama, Gaudhu, Nikka na Ranjha. Walitawanyika, maana raja mmoja hawezi kulisha mafundi sita: Nikka alipata kazi kwa Raj Singh wa Chamba, Ranjha alibaki upande wa Basohli, wengine walikwenda palipokuwa na kazi, na kazi nyingi ilikuwa Kangra. Popote walipokuwa walichora kwa mkono mmoja. Leo ni vigumu mno kusema uso huu ni wa Khushala na ule wa Gaudhu, na wataalamu waangalifu hawaendi mbali zaidi ya kusema: ni wa kizazi cha kwanza baada ya Manaku na Nainsukh.

Kizazi hicho ndicho kilichochora, kati ya miaka ya 1775 na 1785 hivi, Bhagavata Purana, Gita Govinda mpya yenye picha zaidi ya 100, na Satsai ya Bihari, mkusanyo wa beti za mapenzi za Kihindi za karne ya 17. Walichukua visa vya Manaku wakavimwagia hewa ya Nainsukh. Radha hakai tena mbele ya ukuta wa rangi moja. Amekaa chini ya mti wenye maua, kando ya mto unaopinda, na mto huo ambao utenzi unauita Yamuna una sura ya Mto Beas, wenye vilima vya kijani vya Kangra nyuma yake. Wapenzi wa mbinguni wamehamishiwa nyumbani.

Ubeti wa kwanza wa Gita Govinda unaanza na giza: mawingu yamekusanyika, msitu umeiva weusi, na Nanda, baba mlezi wa Krishna, anamwomba Radha amsindikize kijana Krishna nyumbani kwa sababu anaogopa usiku. Wanaondoka pamoja, na kando ya mto mambo yanakuwa yale ambayo Nanda hakuyakusudia. Mchoraji atafanyaje hapo? Akichora giza kweli, hatutawaona wapenzi. Akichora mwanga, hakuna tena sababu ya kisa.

Jibu la ukoo huu ni rahisi, nami nadhani ni moja ya majibu mazuri katika sanaa yoyote. Usiku waliupa mahali pake na wapenzi wakapewa pao. Mbingu inapakwa nili iliyochanganywa na masizi, mwezi au nyota zinawekwa, miti inafifia kuwa kijivu, mto unabaki na ung'avu wa bati. Ndani ya usiku huo wanawekwa Radha na Krishna, rangi zao kamili, manjano ya nguo yake Krishna na wekundu wa mtandio wa Radha, kila ukucha unaonekana. Hakuna taa inayowaangazia na hakuna anayeiuliza iko wapi. Macho ya mtu apendaye hayahitaji taa kumwona ampendaye. Tunawaona kama wanavyoonana.

Hawakufanya hivyo kwa kutojua. Wachoraji wa Mughal walikuwa wamekwisha kuchora usiku wa mishumaa, nyuso nusu katika kivuli, kwa mfano wa picha za Ulaya zilizofika kwao, na Nainsukh aliujua ufundi huo. Wanawe waliuacha kwa hiari.

Mfano wake mkali ni abhisarika. Washairi wa India, tangu zamani na hasa tangu Keshavdas alipotunga Rasikapriya mwaka 1591, waliwagawa wanawake wapendao katika hali nane: yule aliyetandika kitanda akangoja, yule aliyedanganywa, yule aliyegombana kisha akajuta, yule ambaye mumewe yuko safarini, na kadhalika. Mpenzi wa taarabu angewatambua wote bila mkalimani. Abhisarika ndiye asiyengoja. Ametoka mwenyewe usiku wa mvua kumfuata mwanamume wake. Nyoka wamezagaa njiani, mmoja yuko miguuni pake, pengine na mapepo yako vichakani, na mbingu imepasuliwa na radi. Radi hiyo ni mstari mwembamba wa dhahabu. Na dhahabu hiyohiyo inakimbia katika pindo la nguo yake. Iinamishe karatasi: radi inapiga, na papo hapo mwanamke anawaka. Hila ni ya Manaku, ya lile yai. Hewa yenye unyevu inayomzunguka mwanamke ni ya Nainsukh. Dada yake wa usiku wa mbalamwezi huvaa nyeupe tupu ili ajifiche ndani ya mwanga wenyewe, na fundi hupaka weupe juu ya weupe kwa ujasiri ambao sijui aliutoa wapi.

Ranjha, mdogo katika wana wa Nainsukh, aliishi hadi karne ya 19. Kwake kunahesabiwa michoro ya kisa cha Nala na Damayanti, mume na mke waliopotezana kwa sababu ya kamari. Picha 47 za kisa hicho, zilizopakwa rangi, ziko Amar Mahal, Jammu. Ni kazi ya mwisho ya ukoo huu ninayoweza kuiita kubwa bila kusita.

Baada ya hapo tarehe inakimbia. Sansar Chand wa Kangra, aliyetawala tangu 1775, aliajiri mafundi wengi na kukusanya picha bila kuchoka. Mwingereza William Moorcroft alipomtembelea mwaka 1820 alimkuta bado amezungukwa na wachoraji, ingawa enzi yake ilikuwa imekwisha kuvunjika: Wagurkha walimvamia mwaka 1806, na Ranjit Singh wa Masingasinga, aliyeitwa kusaidia, mwaka 1809 alijilipa kwa kuichukua ngome ya Kangra. Alipofariki Sansar Chand, Masingasinga walimtaka mwanawe, Anirudh Chand, amtoe dada yake kwa kijana wa nyumba ambayo yeye aliiona iko chini ya hadhi yao. Anirudh alihama nchi. Dada zake wawili aliwaoza kwa raja wa Garhwal, na inaaminika kwamba picha za Gita Govinda na nyingine za mapenzi ya Radha zilikwenda ndani ya masanduku ya maharusi hao.

Mwaka 1846 Waingereza wakaichukua nchi. Maraja wakageuka watu wa pensheni, na pensheni hailishi mchoraji. Tarehe 4 Aprili 1905 tetemeko la ardhi liliiangusha Kangra, likaua watu wapatao 20,000. Mwaka 1947 India ilipokatwa, hata picha zilikatwa: hazina ya jumba la makumbusho la Lahore iligawanywa, asilimia 60 kwa Pakistan na 40 kwa India, na fungu la India, zikiwemo karatasi za Manaku za mwaka 1730, likaishia Chandigarh. Bwawa la Pong lilipokamilika kwenye Mto Beas mwaka 1974, mashamba bora ya Guler yaliingia majini, na reli nyembamba iliyopita hapo ikabidi ihamishwe.

Katika miaka hiyo yote ya karne ya 20 picha zilisifiwa bila wachoraji. Ananda Coomaraswamy alizitambulisha kwa ulimwengu mwaka 1916, akaziita za Kirajputi. Waliomfuata walizigawa kwa majimbo: hii ya Guler, hii ya Basohli, hii ya Kangra, kana kwamba ngome ndiyo inayoshika brashi. Goswamy, aliyezaliwa Sargodha mwaka 1933, aliacha kazi ya serikali iliyotamaniwa na wengi, akaenda kukaa na makuhani wa Haridwar na kusoma madaftari yao ukurasa kwa ukurasa, akiwatafuta maseremala. Aliwapata. Alimpata Manaku, akampata Nainsukh na mchoro wake wa mwaka 1763, akawaunganisha na wana na wajukuu, na mwaka 1968 akachapisha katika jarida la Marg hoja yake kwamba mtindo wa picha za milimani unafuata familia, haufuati jimbo. Fundi alihama kutoka kwa raja hadi kwa raja, na mkono wa baba yake ulihama naye.

Mwaka 1997 alitoa kitabu kizima juu ya Nainsukh. Alifariki Chandigarh tarehe 17 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka 90.